Kabla hujasema anaringa, muulize kwanza

Msomaji mpendwa, kila Jumapili huwa naketi hapa nikikupa nasaha kana kwamba mimi mwenyewe sikosei. Leo nitaanza kwa kukiri kosa langu, maana huenda nawe una kosa kama hilo kifuani na hujapata wa kukushtua.

Mwaka wa 1994 niliingia jijini Nairobi pamoja na rafiki yangu tuliyesoma naye tangu shule ya msingi. Tulipanga chumba kimoja mtaani Kariobangi. Kitanda kilikuwa kimoja, na jiko la makaa tuliliwasha nje mpaka moshi uishe ndipo tuliingize ndani. Aliyepata kibarua siku hiyo ndiye aliyenunua unga na sukumawiki. Hatukuandikiana deni. Baadaye kila mmoja alipata kazi, akaoa, akahamia kwake, lakini udugu ukabaki. Yeye ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu.

Januari 2020, shule zilipofunguliwa, alinipigia simu. Karo ya kifungua mimba wake ilikuwa imempiga chenga. Akaniomba Sh15,000, akaahidi kunirudishia mwisho wa Februari. Nilimtumia kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Februari ikaisha. Kimya. Machi nikampigia, hakushika. Siku chache baadaye zikaingia Sh500 kwenye simu yangu bila neno lolote. Nikakasirika. Nikasema moyoni, "Ananilipa kwa matone kama anayemtupia mbwa mfupa!" Zikaja nyingine Sh500 mwezi wa Mei, kisha nyingine Juni. Ujumbe wangu wa WhatsApp akawa anausoma, nazo zile alama mbili za buluu zikanithibitishia kwamba ameona na amenyamaza. Nikahitimisha kwamba mwenzangu amebadilika, amekuwa mjanja, tena anaringa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Tuna kundi la WhatsApp la wenzetu tuliosoma pamoja. Jioni moja mwezi huo wa Juni niliandika humo methali moja tu, bila kutaja jina la mtu: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Walioelewa wakacheka. Wasioelewa wakauliza, wakaelezwa pembeni. Kabla ya usiku wa manane rafiki yangu akawa ameondoka kundini, naye hakuaga.

Mwaka uliofuata nilikutana na mkewe katika soko la Muthurwa, akiuza nyanya na dania kwenye gunia alilotandika chini. Nilitaka kupita kando, lakini aliniona. "Shemeji, hata salamu?" akaniita. Ndipo nikayasikia nisiyoyajua. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilichelewesha mshahara wa Februari. Machi ugonjwa wa korona ukaingia nchini, na kufikia Aprili wafanyakazi walikuwa wameambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Hawakuitwa. Watoto walipelekwa kwa nyanya yao mashambani. Mwenzangu akawa anabeba mizigo sokoni, na kila alipopata cha ziada aliniwekea kando mpaka zitimie Sh500.

"Hakukukimbia, shemeji," akaniambia. "Aliona haya. Kila ulipopiga alikuwa akiitazama simu mpaka inyamaze."

Msomaji, hizo Sh500 nilizoziita matone zilikuwa chakula cha watoto wake.

Tunawasoma watu vibaya

Usidhani nilikuwa mtu mbaya kuliko wewe. Kosa hili lina wenyewe, nao ni binadamu wote. Mnamo 1967 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Edward Jones na Victor Harris, walichapisha matokeo ya jaribio moja. Wanafunzi walipewa insha zilizomhusu Fidel Castro wa Cuba, baadhi zikimsifu na nyingine zikimpinga. Wengine kati yao waliambiwa waziwazi kwamba mwandishi hakujichagulia upande, bali aliamriwa aandike hivyo. Hata hivyo, waliosoma insha ya kumsifu Castro waliendelea kuamini kwamba mwandishi alimpenda Castro kweli. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1977, Lee Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford aliliita jambo hili kosa la msingi katika kuwaelewa watu.

Kwa lugha ya nyumbani, kosa lenyewe ni hili: mwenzako akifanya jambo, unalaumu tabia yake; ukilifanya wewe, unalaumu hali iliyokusibu. Mwenzako akichelewa kazini, ni mvivu. Wewe ukichelewa, ni msongamano wa magari katika barabara ya Jogoo. Jirani asipokusalimia kwenye ngazi za ploti, ana maringo. Wewe usipomsalimia, ulikuwa na mawazo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kupiga simu hajui aliyeko upande wa pili ameketi katika hali gani.

Zamani hali ya mtu ilionekana. Kijijini ulijua jiko la nani halikutoa moshi jana. Hata pale Kariobangi, ukuta ulikuwa mwembamba na kikohozi cha jirani ulikisikia. Siku hizi tunajuana kupitia picha alizotia kwenye simu wiki jana, akiwa amevaa shati safi katika harusi ya watu. Hujui kwamba shati ni la kuazima. M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka wa 2007 ilituondolea shida nyingi, maana leo unaweza kumsaidia mama yako kijijini ukiwa ndani ya matatu. Lakini ilituondolea pia ile safari ya kupeleka pesa kwa mkono, ambayo ndani yake mlikuwa na chai, mazungumzo na kutazamana usoni. Mtu akikutazama usoni, huwezi kumdhania mengi.

Wanafunzi nanyi msijione mmesalimika. Katika kila hosteli ya chuo kikuu yuko kijana anayekataa kila mwaliko. Wenzake wakienda kula nje, yeye ana kazi ya kusoma. Wakichangia keki ya siku ya kuzaliwa, hayupo. Mwishowe anaitwa mchoyo na asiyependa watu. Hakuna anayejua kwamba mkopo wake wa HELB haujaingia, au kwamba ulipoingia aliukata nusu akautuma nyumbani kwa ajili ya wadogo zake. Akiacha kualikwa, hata siku atakapokuwa nacho hatakuwa na wa kwenda naye.

Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda ukasema, rafiki akienda si atakuja mwingine? Tangu mwaka wa 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wamekuwa wakifuatilia maisha ya kundi moja la wanaume, baadhi wakiwa wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana waliotoka mitaa maskini ya mji wa Boston, na baadaye familia zao. Waliwapima damu, wakawauliza kuhusu kazi, ndoa na marafiki. Mkurugenzi wa utafiti huo, Robert Waldinger, ameeleza kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika miaka 80, na kwamba kuridhika huko kulitabiri afya ya uzee vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli. Mwenye rafiki wa kweli, basi, ana kinga mwilini mwake. Nami yangu niliitupa kwa methali moja.

Tufanye nini?

Kwanza, uliza kabla ya kuhukumu, na uulize kwa lugha ya kumjali. Swali la "Mbona unanikwepa?" ni shtaka, na mshtakiwa hujificha. Lakini ukimwandikia, "Nimekuwaza siku hizi, u mzima? Watoto hawajambo?" umemfungulia mlango. Laiti ningaliandika maneno hayo mwezi wa Machi 2020, nisingaliandika ile methali mwezi wa Juni.

Pili, mkikopeshana, semeni ukweli mapema. Anayekopesha atoe kiasi ambacho hata kikichelewa hakitamlaza njaa wala kumfanya amchukie mwenzake. Naye anayekopa akumbuke kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kabla ya kulipa ni kusema. Siku ya ahadi ikikaribia na mkono ni mtupu, piga simu wewe kabla hujapigiwa. Waeleze hali yako kwa ufupi, useme utakachoweza na lini. Mwenye deni anayezungumza huvumiliwa. Kimya ndicho kinachomfanya mwenye mali ajaze pengo kwa dhana zake, na dhana haijazi pengo kwa wema.

Tatu, jambo la watu wawili lisipelekwe mbele ya watu thelathini. Kundi la WhatsApp si baraza la wazee. Humo hamna wa kusikiliza pande mbili. Mafumbo ya humo ni mabaya kuliko matusi, kwa sababu anayetukanwa hana hata nafasi ya kujibu. Akijibu, atakuwa amejitaja.

Nne, usimkumbuke mtu wakati wa mchango peke yake. Chunguza simu yako leo. Je, ni ndugu wangapi ambao mazungumzo yenu ya mwisho yalihusu mazishi, karo au harambee? Baada ya muda, jina lako likitokea kwenye simu ya mtu, roho yake huanguka kabla hajashika. Chagua mmoja kila wiki, mpigie, umwambie kwamba huna shida ila ulitaka kumsikia. Mwanzoni atashangaa na kukuuliza, "Kuna nini?" Mwambie hakuna kitu, ni salamu tu.

Tano, ukikosa, omba radhi pale pale ulipokosea. Ukimtukana mtu sokoni, usiende kumwomba msamaha chumbani. Wala usitie neno "lakini" katika msamaha wako. "Nisamehe, lakini nawe ulinikosea" ni kesi mpya.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuwaelewa watu hakumaanishi kukubali kuchezewa. Yuko mtu umemuuliza kwa upole, amekueleza, umemsubiri, naye amerudia mchezo ule ule mara ya tatu na ya nne. Huyo umeshamwelewa. Mpende, lakini funga mfuko. Na yule anayekupiga au kukutishia, usikae ukitafuta hali iliyomsibu. Jiepushe naye kwanza, utafute msaada, mengine yatafuata.

Baada ya Muthurwa

Huenda unataka kujua yaliyofuata. Jumamosi ile ile nilikwenda kwake. Walikuwa wamehamia chumba kimoja, kama tulivyoanza. Alinikaribisha, tukanywa chai ya rangi, tukazungumza habari za watoto na za mpira. Nilipomwambia alisahau lile deni, alikataa katakata. Nikaona kwamba kumsamehe deni kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili, nikanyamaza.

Alilipa kidogo kidogo. Desemba 2022 alinitumia Sh1,000 za mwisho, kisha akanipigia simu mwenyewe. "Angalia hesabu yako," akaniambia, "zimetimia elfu kumi na tano." Nikamshukuru. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi nimekulipa. Wewe ile methali utanilipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo niliandika katika lile kundi, mbele ya wale wale waliocheka. Nilieleza kwamba methali ile ilimlenga mtu asiyestahili, kwamba alinilipa senti yangu ya mwisho katika miaka ambayo wengi wetu tulishindwa kulipa hata kodi ya nyumba, na kwamba aliyepaswa kuona haya ni mimi. Wachache waliandika pole. Wengi walinyamaza, nami nikaonja kidogo jinsi kimya kinavyouma.

Rafiki yangu hajarudi kundini mpaka leo, nami sijamsihi arudi. Hatujawa kama tulivyokuwa pale Kariobangi. Lakini mwezi uliopita simu yangu ililia saa mbili usiku, nikaona jina lake, na kwa mazoea mabaya nikauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kukusikia tu."

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Leo, kabla hujala chakula cha mchana, mtafute yule ambaye umekuwa ukisema anaringa. Muulize kama ni mzima, kisha unyamaze umsikilize. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.