Dhaifu Ni Nani?



Bwenini mwetu yumo mwenzetu anayeugua seli mundu. Viungo vikimwuma hata akalazwa, wako wamchekao na kusema, “Biolojia yatufundisha kwamba dhaifu hana budi kutoweka.” Naona hao hawakulielewa somo.

Uteuzi wa asili hautazami misuli. Humbakiza kiumbe afaaye mahali alipo, akaishi hata akazaa. Mfano tunao katika damu zetu wenyewe. Mwaka 1954 Dakta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa mtu aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo, penye malaria nyingi, watoto wa namna hiyo waliokoka zaidi kuliko wenzao, wakakua, wakairithisha jeni hiyo kwa wana wao. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye augua. Jeni ni ile ile: kwa huyu ni ngao, kwa yule ni mzigo. Na pasipo malaria, hata ngao hiyo haina kazi.

Basi dhaifu ni nani? Huenda yule achekaye aliokolewa na malaria utotoni kwa jeni ile ile imtesayo mwenzake.

Maumbile hayana huruma wala chuki. Huruma ni wajibu wetu. Tumpelekee mgonjwa maji ya kunywa na daftari za masomo yaliyompita, tuache kumcheka. Hujafa hujaumbika.