Bangi Halali: Ni Halali kwa Nani?

Juzi alinijia ofisini kijana mmoja niliyemfundisha sarufi miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi ni mwalimu wa shule ya upili, anayelipwa na bodi ya shule, tena kidogo. Alikuwa na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika hesabu: ekari moja, idadi ya miche, bei ya gramu moja huko Ulaya, kisha jumla ndefu yenye sufuri nyingi. Alitaka nimsomee mpango huo kabla hajaomba mkopo wa kujenga kivungulio. Dhamana ingekuwa hatimiliki ya shamba la babake. Zao lenyewe ni bangi.

"Mwalimu," aliniambia, "kote duniani kilimo cha bangi halali kinaanza. Nataka siku sheria yetu itakapobadilika inikute tayari."

Simlaumu. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alipendekeza mswada wa kuhalalisha mmea huu. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aliwania urais akiahidi kwamba bangi ingelipa madeni ya taifa. Kijana asiye na ajira ya kudumu akisikia hayo, atakosaje kuota?

Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, hebu tuanze na maneno yake. Katika "kilimo cha bangi halali", neno "halali" linavumisha nini? Lingekuwa kivumishi kama "-zuri" tungejua mara moja: "kilimo cha bangi kizuri" si sawa na "kilimo cha bangi nzuri". Lakini "halali" halichukui upatanisho wa ngeli. Linakaa mwishoni mwa kirai bila kututajia bwana wake, na msikilizaji humchagulia bwana ampendaye. Kijana wangu alimchagua mmea. Sheria za nchi nyingi zilizoanza biashara hii zimemchagua mwenye leseni. Mche uleule ni dawa ndani ya ua wa mwenye leseni, na ni kosa la jinai ng'ambo ya pili ya ua huo.

Hapa kwetu hakuna hata ua huo. Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 inakataza kilimo cha bangi, na haimwandami mkulima peke yake. Mwenye shamba anayeruhusu ardhi yake itumiwe kwa kilimo hicho naye anatenda kosa. Kwa hiyo mzee wa watu angeweza kupoteza zaidi ya hatimiliki.

Tuseme basi kwamba sheria imebadilika. Je, daftari lile lingekuwa sahihi? Tuangalie waliotutangulia. Lesotho ilitoa leseni ya kwanza ya bangi ya matibabu mwaka 2017, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wakulima wa milima ya nchi hiyo wameujua mmea huu, wauitao matekwane, kwa vizazi vingi. Lakini leseni ziliwaendea wenye mitaji, na kampuni za Kanada zikamiminika. Canopy Growth ilinunua kampuni ya huko mwaka 2018. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa imetangaza kwamba inaondoka. Nchini Zimbabwe, kanuni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni kuwa dola 50,000 za Marekani. Ni mwalimu gani wa bodi mwenye fedha hizo? Rwanda nayo iliruhusu kilimo hiki mwaka 2021 kwa ajili ya dawa na mauzo ya nje tu. Raia akikutwa akivuta, bado ni mhalifu.

Masharti hayo hayakutokana na ukaidi wa serikali hizo pekee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaitaka kila nchi inayoruhusu kilimo hiki iwe na chombo cha serikali cha kutoa leseni, kuteua mashamba na kuchukua mavuno. Kila shehena inayovuka mpaka huhitaji kibali cha nchi inayouza na cha nchi inayonunua. Aidha, mnunuzi wa Ulaya hanunui majani; hununua malighafi ya dawa, iliyopimwa kemikali, ukungu na mabaki ya viuatilifu. Hata katani ya viwandani ina mtego wake. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliruhusu mmea usiozidi asilimia 0.3 ya THC, ile kemikali inayolevya. Ukizidi hapo, mkulima hana zao la kuuza. Kwa ufupi, hii ni biashara ya maabara na makaratasi ambayo shamba ni sehemu yake ndogo.

Wakenya tuna kumbukumbu fupi. Kati ya mwaka 2013 na 2014 tulipanga foleni kutafuta vibali vya kufuga kware. Yai lilipata bei ya ajabu, kisha bei ikaporomoka, na vizimba vikabaki vitupu. Tofauti ni kwamba aliyeshindwa na kware hakufungwa jela.

Sisemi kwamba mlango huu ufungwe daima. Nasema kwamba siku Bunge litakapoujadili, swali lisiwe tu kama bangi iwe halali. Liwe pia: halali kwa nani? Je, chama cha ushirika cha wakulima wadogo kitaweza kulipia leseni? Vyuo vyetu vikuu vitakuwa na maabara za kupimia mavuno, au tutatuma sampuli ng'ambo? Maswali hayo yasipojibiwa ndani ya sheria yenyewe, mkulima wetu atabaki kibarua penye zao alilodhani ni lake.

Nanyi walimu wenzangu, hili ni somo zuri la darasani. Wapeni wanafunzi kirai hicho chenye maneno manne wakitafutie maana zake mbili, kisha wajadili ni nani anayefaidika tunapozichanganya.

Kijana wangu nilimrudishia daftari nikamwambia aongeze safu moja tu, ya gharama: leseni, ua, walinzi, maabara, cheti, mwanasheria. Aliandika hadi wino ukamwishia, nayo ile jumla ndefu ikageuka deni. Hatimiliki ingali kwa babake. Usiache mbachao kwa msala upitao.