Swali Si Nani Aliandika Kadi, Ni Nani Aliiokota

Tuanze na hesabu. Postikadi 276 na barua 9. Hizo ndizo Otto Quangel na mkewe Anna wanaandika kwa siri jijini Berlin, wakati Hitler yuko kileleni na kila redio inaimba ushindi. Kila Jumapili Otto anaketi mezani, anaandika polepole kwa herufi kubwa ili mwandiko wake usijulikane. Halafu wanatoka, wanaingia kwenye jengo lenye maofisi mengi, wanaacha kadi kwenye ngazi, wanaondoka. Matumaini yao ni kwamba atakayepita ataokota, atasoma, atampa mwenzake.

Wakishakamatwa, inspekta wa Gestapo, yaani polisi wa siri wa Hitler, anamwambia Otto ukweli. Miaka miwili yote hiyo, kadi zilikuwa zinaletwa polisi. Ni 18 tu ambazo hazikuletwa.

Kumi na nane! Manze, nilipofika hapo ilibidi nifunge kitabu kwanza.

Hiyo ni riwaya ya Hans Fallada, Mjerumani, inaitwa Jeder stirbt für sich allein. Ilitoka mwaka 1947. Tafsiri ya Kiingereza ilingoja hadi 2009, na Uingereza waliipa jina Alone in Berlin. Watu wakiimaliza, ubishi huwa ni ule ule: Otto alikuwa shujaa ama alikuwa mjinga? Alijitoa mhanga kwa ajili ya ukweli, ama alijiua bure na kumburuta mkewe?

Mimi naona tunabishana kuhusu mtu asiyefaa. Otto alishafanya yake. Swali la hicho kitabu linawahusu wale watu wengine wote, wale walioinama wakaokota kadi. Na wengi wetu, tukiwa wakweli, tuko upande huo wa ngazi.

Kwanza tujue hawa wawili ni nani. Otto ni nyapara kwenye kiwanda cha fanicha, kiwanda ambacho baadaye kinatengeneza majeneza ya vita. Hana marafiki, haongei sana, hela yake anaibana. Hajawahi kuwa mwanasiasa, na mwanzoni hana hata shida na Hitler. Halafu barua inaletwa nyumbani: mtoto wao wa pekee ameuawa vitani Ufaransa. Anna kwa uchungu anamtupia Otto neno moja la lawama, kama vile yeye na Hitler wake ndio wamemuua. Hilo neno linamkaa Otto kooni hadi anaanza kuandika.

Na hii si stori ya kutunga tu. Kulikuwa na watu halisi, Otto na Elise Hampel, mume na mke wa tabaka la wafanyakazi Berlin. Ndugu ya Elise aliuawa vitani mwaka 1940. Wakaandika kadi zaidi ya 200, wakashikwa mwaka 1942, na tarehe 8 Aprili 1943 wakakatwa vichwa kwenye gereza la Plötzensee. Vita vilipoisha, Fallada alipewa faili lao la polisi, akaandika riwaya nene kabisa kwa wiki chache tu mwaka 1946. Alifariki Februari 1947, kabla kitabu hakijatoka.

Kuna kitu kuhusu watu hao ambacho hakimo kwenye riwaya. Wale Hampel wa kweli, kifo kilipokaribia, waliomba huruma na wakaanza kutupiana lawama. Kuna mtu atasema basi hawakuwa mashujaa. Mimi naona kinyume. Walikuwa watu wa kawaida, waoga kama mimi na wewe, na bado waliandika hizo kadi zaidi ya mia mbili.

Sasa turudi kwa walioziokota.

Kadi moja inaokotwa na mwigizaji wa filamu ambaye tayari hapatani na wakubwa. Anaisoma, jasho linamtoka. Anawaza: huu ni mtego, kuna mtu ananitazama. Anakimbia nayo kwa rafiki yake wakili, kwenye ofisi ya jengo hilo hilo. Unadhani wanakaa wakajadili ilichosema? Hapana. Wanaanza kuogopana. Umeniletea hii kwa nini? Nani amekuona ukiingia? Urafiki wa miaka mingi unayeyuka hapo hapo juu ya kipande cha karatasi, na hakuna polisi hata mmoja chumbani.

Hapo ndipo Fallada anakushika. Tumezoea kuona udikteta kama jamaa mmoja jukwaani anapiga kelele huku ngumi ziko hewani. Kwenye kitabu hiki Hitler haonekani karibu kabisa. Unaona ngazi, mlango wa jirani, jamaa wa chini anayechungulia nani amepanda na mfuko gani. Unaona mama mzee Myahudi, Bi. Rosenthal, akijificha kwenye nyumba yake mwenyewe huku majirani wakipigia hesabu mashuka yake. Gestapo hawakuwa na watu wa kutosha kusimama kwenye kila ngazi ya Berlin. Hawakuhitaji. Hofu ilikuwa inawafanyia kazi bila mshahara.

Na ona hii, ndiyo iliniuma zaidi: mtu pekee aliyezisoma kadi karibu zote kwa makini, neno kwa neno, alikuwa yule inspekta, Escherich. Otto aliandikia Wajerumani wenzake, akapata msomaji mmoja mwaminifu, na msomaji huyo ndiye aliyekuwa anamwinda.

Lakini watu hawazaliwi wakiwa waoga hivyo. Ukitaka kujua walifikaje hapo, soma Fallada wa mapema. Kitabu kinaitwa Kleiner Mann – was nun?, cha mwaka 1932. Mwaka huo Ujerumani ilikuwa na watu takriban milioni 6 wasio na kazi, na Hitler alikuwa bado hajaingia ofisini.

Kijana wa kitabu hicho anaitwa Pinneberg. Ana mke anayempenda sana, jina la utani Lämmchen, yaani Mwanakondoo, na mtoto yuko njiani. Anapata kazi Berlin kwenye duka kubwa, kitengo cha nguo za wanaume. Mambo yanaenda poa hadi wanaleta mtaalamu wa kupanga kazi, anayemwekea kila muuzaji kiwango cha mauzo cha mwezi. Usipofikisha, nje. Ukiwahi kuuza vitu kwa kamisheni, hiyo presha unaijua, sina haja ya kukueleza. Wauzaji waliokuwa wanapiga stori na kusaidiana wanaanza kunyang'anyana wateja mlangoni. Pinneberg anafikia hatua ya kumbembeleza mteja, kumsihi anunue tu chochote, na hiyo ndiyo inamfukuzisha kazi.

Karibu na mwisho amesimama nje ya dirisha la duka la vyakula, Friedrichstraße, nguo zimechakaa, kola ameivua. Polisi anamwambia aondoke. Hajaiba, hajatukana mtu. Anajaribu kusema kitu, anasukumwa kutoka kando ya barabara hadi barabarani, kwenye magari. Hapo anaelewa kwamba kosa lake ni umaskini. Anarudi kwenye kibanda chao nje ya mji, na aibu inamzuia hata kuingia ndani kwa mkewe.

Nasema visome kwa mfuatano kwa sababu hii. Kitabu cha kwanza kinaonyesha jinsi njaa inavyowafundisha watu kuwa peke yao. Kila mtu na kiwango chake, kila mtu na kodi yake ya nyumba, ukianguka ni shauri yako. Kitabu cha pili kinaonyesha dikteta anavyovuna shamba ambalo lilishalimwa. Mtu aliyezoea kwamba hakuna atakayemtetea kazini, ataamini vipi kwamba kuna atakayemtetea akikutwa na kadi mfukoni? Atakimbia kuipeleka polisi. Si kwa kumpenda Hitler. Ni kwa sababu anajua yuko peke yake.

Hapa kuna mtu atanikata: basi hakuna matumaini, si ndiyo? Binadamu ndivyo walivyo.

Ndiyo maana nataka usome na cha tatu, cha Anna Seghers, Das siebte Kreuz. Kilitoka mwaka 1942, mwandishi akiwa mkimbizi Mexico. Seghers alikuwa Myahudi na mkomunisti; alitoroka Ujerumani mwaka 1933. Stori yake: wafungwa saba wanatoroka kambi ya mateso. Mkuu wa kambi anatengeneza misalaba saba kutoka kwa miti ya hapo uwanjani, mmoja kwa kila mtu, ili kila anayerudishwa afungwe juu yake. Sita wanapatikana, wengine hai, wengine maiti. Msalaba wa saba unabaki mtupu. Huyo wa saba, Georg Heisler, amefika wapi?

Amefika kwa mikono ya watu. Daktari Myahudi anamfunga jeraha la mkono na anakisia kabisa huyu ni nani. Padri anakuta nguo za mfungwa kanisani, anazichoma moto. Rafiki wa zamani, Paul Röder, anamfungulia mlango, na mkewe Liesel anamwekea chakula mezani. Huyo Paul ndiye ninayempenda kuliko wote. Si mwanaharakati. Ana watoto wengi, ana kazi kiwandani, na serikali imempa sababu za kuridhika. Hata habari za kutoroka hakuzijua vizuri. Lakini Georg ni rafiki yake tangu utotoni, na kwa Paul hiyo inatosha. Baadaye Gestapo wanamwita, wanamhoji, na anatoka bila kuwapa chochote.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeangusha serikali. Kila mmoja alifanya kitu kidogo, halafu akanyamaza. Ukiviunganisha, mtu mmoja akavuka mpaka akiwa hai, na kambi nzima ikaona msalaba mtupu. Wale waliobaki ndani wakajua kwamba hawa jamaa hawawezi kila kitu.

Kwa hivyo tofauti kati ya Otto na Georg si ujasiri. Otto ana ujasiri labda kushinda Georg. Tofauti ni watu waliokuwa upande wa pili. Kadi ya Otto ilihitaji mpokeaji, na wapokeaji karibu wote walikuwa wamevunjwa tayari.

Najua utaniambia ni rahisi kusema. Ni kweli, ni rahisi, na Fallada mwenyewe alijua hilo kuliko sisi. Yeye hakutoroka. Alibaki Ujerumani miaka yote ya Hitler. Alikuwa mlevi, alikuwa mtumiaji wa mofini, na mwaka 1938 alipobanwa alikubali kubadilisha mwisho wa riwaya yake Der eiserne Gustav ili uwaridhishe Wanazi. Alikuwa mmoja wa walioikuta kadi na mikono ikatetemeka. Nadhani ndiyo maana hawachekelei waoga wake. Yule mwigizaji unamwonea huruma hata unapomkasirikia.

Na mimi sisemi ukaokote kila karatasi uitangaze sokoni. Kadi nyingine huwa ni uongo, na mitego ipo kweli. Ninachosema ni kwamba kati ya kuwa shujaa na kukimbilia polisi kuna nafasi kubwa, na vitabu hivi vimejaa watu walioitumia. Unaweza kuiacha kadi pale pale kwenye ngazi. Unaweza kuichoma, kama padri na zile nguo. Ukiulizwa nani alipita hapa, unaweza kuwa hukuona mtu. Unaweza kumlisha msee usiku mmoja bila kumuuliza maswali mengi. Hizo kadi 18 ambazo hazikufika kwa Escherich, kuna watu 18 au pungufu waliofanya kitu kama hicho, na riwaya haituambii majina yao.

Kama utaanza na kimoja, anza na Pinneberg, ni kifupi na kina mapenzi ya kweli ndani. Kisha Quangel, kisha Seghers. Mimi nilivisoma kwa Kiingereza. Usiogope unene, sura za Fallada ni fupi na zinakimbia kama filamu.

Na ukifika ile sehemu ya mwigizaji na wakili, usiharakishe kuwahukumu. Jiulize kwanza: hiyo kadi ikiwa mkononi mwako, ni rafiki yupi ungempelekea? Kama humpati hata mmoja, anza kumtafuta sai, kabla ya shida kubisha.