MANDOLINI KUDONDOSHA DARAJA SI KITUKO, KITUKO NI KUMKWEPA FUNDI

Wadau wa Mwanga na Ujiji wanamcheka msanii mmoja aliyetoa nyuzi zote 8 za mandolini kwa mkupuo. Daraja likadondoka, shoo ikafika, jamaa akaishia kuimbia CD. Kucheka rahisi, ila wengi wanaocheka wangefanya vilevile.

Magitaa mengi ya mbao daraja lake limegandishwa kwa gundi. La mandolini halina gundi wala skrubu. Kile kibao kinachobeba nyuzi kinakaa kwa kukandamizwa na nyuzi zenyewe, ukizitoa zote hakuna cha kukishika.

Dawa ni ndogo tu. Weka alama ya penseli pembeni ya daraja, badilisha uzi mmoja mmoja, kaza kwanza ndipo uende unaofuata. Ukimaliza, piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kichuma cha 12. Sauti iwe ileile, ila juu zaidi. Ikipishana, daraja limehama, na hapo hata ufundi wa vidole haukuokoi.

Fundi yeyote wa vyombo anayajua haya. Tatizo mastaa wetu bajeti ya viatu na picha ipo, ya fundi haipo. Anaitwa siku ya shoo, tena kwa "nisaidie mzee wangu", akidai hela anaambiwa ana roho mbaya. Mlipeni kabla chombo hakijalala, maana mashabiki wanalipa kiingilio kusikia mandolini, siyo CD.

Mdau, wewe unaonaje?