Wanaowatisha Wenye Mimba

Liko jambo moja ambalo hunenwa kwa kunong'ona katika vijiji vyetu, tena hunenwa na wanawake peke yao, waume wakiwa mbali. Jambo hilo ni hofu ya kuzaa. Msichana aliyeolewa mwaka huu hutambua kwamba ana mimba, akafurahi siku mbili; siku ya tatu hofu yamwingia, wala haimtoki mpaka siku ya kujifungua. Usiku hapati usingizi, na akiulizwa hujibu ya kuwa ni uchovu tu. Twataka kulisema jambo hili waziwazi, maana twaamini kwamba sehemu kubwa ya hofu hiyo haikuanza moyoni mwa mwanamke mwenyewe. Imepandwa na watu. Nao wapandao ni watu wa nyumbani mwake, wa kijiji chake, na mara nyingine wa Kanisa lake.

Hatusemi kwamba kuzaa hakuna hatari. Asemaye hivyo hajapita makaburini. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika miaka ya 2015 na 2016 ulikadiria kwamba mama 556 walikufa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulikadiria vifo 104. Hatari imepungua sana, nasi twamshukuru Mungu, lakini haijakwisha. Basi hofu ni za namna mbili. Iko hofu ya mtu atakaye kuvuka mto uliojaa: hofu hiyo humfanya atafute mtumbwi na mpiga kasia hodari. Tena iko hofu ya mtoto aliyeambiwa habari za zimwi gizani: hiyo haimpi taa, ila humwondolea nguvu za miguu. Hofu ya kwanza hujibiwa kwa matayarisho. Hofu ya pili yapasa kung'olewa, na wenye kuipanda wapasa kukemewa.

Kwanza twawakemea wale wasemao kwamba uchungu ukikawia, mwanamke amezini. Neno hili lasemwa katika sehemu nyingi za nchi yetu, wala halisemwi na wasiobatizwa tu. Mama yumo chumbani, jua limechwa, limekucha tena, na mtoto hajatoka. Ndipo wazee wa kike humzunguka na kumwambia ataje jina la mwanamume, kwa kuwa asipokiri hatafunguka. Naye mnyonge, aliyekuwa akingoja neno la faraja, aona kwamba amefikishwa barazani kuhukumiwa, naye hana nguvu hata za kuinua kichwa. Wako waliotaja jina la uongo ili waachwe. Mtoto hakutoka kwa sababu hiyo, na ndoa ikavunjika juu yake.

Twauliza: je, dhambi hukaa katika nyonga? Uchungu hukawia kwa sababu zijulikanazo. Huenda mtoto amekingama tumboni. Huenda kichwa chake ni kikubwa kuliko njia, hasa ikiwa mama ni msichana mdogo ambaye mifupa yake haijakomaa. Huenda nguvu za tumbo la uzazi ni chache. Tena mimba ya kwanza huchukua saa nyingi kuliko zile zifuatazo, wala hilo si ajabu. Sababu hizo zote zampata mke mwaminifu sawasawa na asiye mwaminifu. Watu walipokuwa wakitafuta dhambi, iliwapasa kutafuta gari. Saa sita za kumhoji mama ni saa sita za njia ya kwenda hospitali, na mara nyingi saa hizo ndizo zilizokuwa uhai wake. Kwa hiyo twasema bila kuficha: amzuiaye mama njiani ili akiri kwanza, na mama akafa, asiseme ni mapenzi ya Mungu.

Jambo hili lina ubaya mwingine. Msichana aliyesikia habari hizo tangu utoto huuogopa uchungu kama mtu aogopavyo kesi. Na hofu yenyewe huzidisha maumivu. Daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka wa 1933 ya kuwa hofu huukaza mwili, mwili uliokazwa huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha hofu, mpaka mama azungushwe kama ng'ombe wa kinu. Basi wale wanaomtishia mama kwamba hatafunguka, wenyewe ndio wamfungao.

Pili twawajibu ndugu zetu Wakristo wachukuao sura ya tatu ya Mwanzo kama fimbo. Husema kwamba maumivu ni adhabu ya Hawa, basi kuyatafutia nafuu ni kupingana na Mungu. Neno hili si jipya. Mwaka wa 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa mama wenye uchungu dawa ya usingizi, wako waliomshambulia kwa Maandiko. Yeye naye alikuwa mtu wa Biblia. Mwaka uo huo aliandika majibu, akawakumbusha ya kuwa Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake. Mwaka wa 1853 Malkia Victoria alipewa dawa hiyo alipomzaa mwana wake Leopold, na maneno mengi yakapoa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Edinburgh. Sura ile ile yasema habari za miiba na michongoma shambani, na jasho la uso wa mwanamume. Mbona twang'oa miiba kwa jembe, na mwenye uwezo hulima kwa trekta, wala hakuna mzee wa Kanisa aliyetengwa kwa kupunguza jasho lake? Laana ya mwanamume imetafutiwa jembe. Laana ya mwanamke yaambiwa ivumiliwe. Hiyo si dini. Ni kujipendelea, na Maandiko yamefanywa kisingizio.

Tatu wako wasemao kwamba mwenye kuogopa hana imani. Wasome habari za Raheli katika sura ya thelathini na tano ya Mwanzo. Alipokuwa katika shida kubwa, mkunga wake hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwondolea hofu kwa neno jema, akampa habari ya mtoto ajaye. Bwana wetu naye, katika Injili ya Yohana, aliitaja huzuni ya mwanamke ambaye saa yake imefika, wala hakumlaumu. Madaktari nao wameona kwamba kwa wanawake wengine hofu hii hufika kuwa ugonjwa, ambao tangu mwaka wa 2000 umejulikana katika maandiko yao kwa jina la tokofobia. Mama wa namna hiyo huenda akakataa kabisa kuzaa ingawa anatamani mtoto. Kumwambia aombe tu, bila kumsikiliza wala kumpeleka kwa mwenye kujua, ni kumpa jiwe aliyeomba mkate.

Nne twasema na wenye ndimi kali, nao wako kisimani na wako hospitalini. Kisimani, msichana mwenye mimba ya kwanza akitua ndoo yake, kila mama ataka kumweleza kifo alichokiona. Hatukatazi kusema kweli. Mweleze dalili za hatari ili azijue: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, na mtoto kuacha kucheza. Maneno hayo yamwokoa. Lakini hadithi ya damu na kilio, isiyo na fundisho mwishoni, yamfaa nini? Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Na kwa wakunga wetu twasema hivi: wengi wenu mwafanya kazi usiku na mchana, wagonjwa wengi na mikono michache, nasi twawaheshimu. Walakini wako kati yenu wamtukanao mama mwenye uchungu, na hata kumpiga kofi. Mama huyo akirudi kijijini husimulia, na wanaomsikia huamua kuzaa nyumbani. Kofi moja hufukuza watu wengi.

Hofu kubwa kupita zote ni ya kisu. Watu husema kwamba kupasuliwa ni mauti, tena ni jambo la Wazungu. Yafaa wajue ya kuwa mwaka wa 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa katika kazi ya misheni, alimwona mpasuaji Mwafrika huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro, akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo. Jeraha lilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za magome. Siku ya kumi na moja lilikuwa limepona, na mama na mtoto ni wazima. Felkin aliitangaza habari hiyo kwa chapa mwaka wa 1884. Kisu kina hatari zake, wala hakifai kutumiwa bila haja. Lakini hukumu ya kifo sicho.

Sasa waume, neno letu la mwisho ni kwenu. Mwanamke mwenye hofu hahitaji hotuba. Ataka kuona kwamba safari yake imetayarishwa. Mpelekeni kliniki mapema, na mwende naye. Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka wa 2016 lashauri mama aonwe mara nane kabla ya kujifungua. Haba na haba hujaza kibaba: wekeni fedha kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza, mpatane na mwenye gari au pikipiki kabla ya siku kufika, mwajue ndugu wawezao kutoa damu. Tena mama asiachwe peke yake katika uchungu. Majaribio 26 katika nchi nyingi, yaliyokusanywa pamoja mwaka wa 2017, wanawake zaidi ya 15,000 wakiwamo, yalionyesha kwamba mama aliye na mtu wa kumtia moyo mfululizo huelekea kuzaa bila kisu na kwa muda mfupi zaidi. Mwaka wa 2018 Shirika lile lilishauri kila mama awe na mwenzi amtakaye mwenyewe. Amchague dada, au mama yake, au mume wake. Na hospitali isiyo na pazia la kusitiri yapasa kuulizwa na wazee wa kijiji kwa nini haina, maana pazia si mali nyingi.

Twawasihi wachungaji na waalimu waliseme jambo hili wazi kabla ya ndoa, si makaburini. Na wazee wa Kanisa wakisikia kwamba nyumba fulani mama amehojiwa zinaa katika uchungu wake, wawaite waliomhoji. Hao ndio wenye kesi ya kujibu.