Anayejitolea naye anakula

Ukifika mwaloni alfajiri, iwe Kayenze, Igombe au kule visiwani Ukerewe, utakuta watu wanashuka kwenye mtumbwi wamelowa na hawana samaki hata mmoja. Hao ni wana-BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wametoka doria. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inavitambua vikundi hivi, lakini haiwapi wanakikundi mshahara. Kukikucha wanawahi shamba au nyavu zao kama wewe.

Maoni yangu ni kwamba tunawachosha, halafu tunawaita wavivu.

Nimewahi kukaa na kikundi kimoja kilichoanza na watu wengi, mwaka haujaisha wakabaki wanne. Niliwauliza waliotoka. Mmoja alikuwa ananunua petroli ya doria kwa hela aliyoweka ya mbegu. Mwingine alimkamata shemeji yake na kokoro, na kwenye mkutano wa kijiji hakuna aliyefungua mdomo kumtetea.

Mwenye njaa hana miiko. Petroli ya doria tusipoinunua sisi, ataijaza mwenye kokoro, na usiku huo mtumbwi wa doria utaelekea upande ambao yeye hayupo.

Kwa hiyo fanyeni haya:

1. Pangeni zamu, mzibandike ukutani. Kikundi cha watu 30, doria moja kwa wiki ya watu 5, kila mtu anatoka mara moja tu katika wiki 6. Msimu wa kulima, mwenye shamba abadilishane na mwenzake.

2. Tengeni hela ya petroli, chakula na vocha. Mkutano wa kijiji ukubali mchango, na uongozi uhakikishe unafuata taratibu za halmashauri. Mitumbwi 40 ikitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, ni 40,000. Kila shilingi iandikwe, na daftari lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Daftari likifichwa, mchango utakufa.

3. Asipande mtu mtumbwini bila jaketi la kuokolea maisha. Ziwa halijui nani anajitolea.

4. Simameni nao. Mtu akikamatwa na zana haramu, mwenyekiti wa kijiji aseme hadharani kwamba kikundi kimefanya kazi ya kijiji. Msimwachie kijana mmoja uadui wa ukoo mzima.

Wewe mchuuzi wa dagaa, usiseme hili ni la wavuvi. Meza yako pale sokoni inategemea samaki wachanga wanaoachwa wakue. Na wewe mkulima, mteja wako wa mahindi ni mvuvi mwenye hela.

Mkutano ujao wa kijiji, nyoosha mkono uulize swali moja: doria ya mwezi uliopita, petroli alinunua nani?