Mabati Yakiwa na Sakitu, Tukatae Pamoja

Kwa mjengo kuna maneno mawili yanayovunja watu mifupa: "Panda tu."

Januari moja, nikiwa nimeacha chuo na mfuko umekauka, nilifuata kibarua cha kuezeka nyumba Kinangop, kule Nyandarua. Saa moja asubuhi mabati yalikuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Mimi mtoto wa Nairobi nikadhani ni vumbi la simiti. Kumbe ni sakitu.

Msimamizi akatufokea, "Vijana, pandeni, tunachelewa!" Mwenzangu akapanda na gambuti zake, bila kamba. Hakufika hatua ya nne. Aliteleza hadi ukingoni, akaanguka chini, akavunjika mkono. Jioni tulilipwa sote isipokuwa yeye, ati hakumaliza siku.

Wengi wetu hudhani barafu juu ya paa ni shida ya Kanada. Lakini usiku usio na mawingu kwenye nyanda za juu, bati hupoteza joto haraka kuliko hewa. Unaweza kukuta nyasi zina umande tu, huku paa limeganda. Jua likitoka, upande wa mashariki huyeyuka kwanza. Ule wa magharibi unabaki na utelezi, na hapo ndipo fundi anapodanganyika.

Dawa si ngumu. Pitisha mkono juu ya bati kabla ya kuweka mguu. Ngoja likauke pande zote mbili. Vaa mkanda wa usalama, na kamba ifungwe kwenye boriti imara, si kwenye msumari.

Msimamizi atasema kungoja ni uvivu. Mwambie Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema hivi: ukiripoti hatari kubwa, mwajiri hafai kukurudisha pale kabla ya kuirekebisha. Na ukiumia, kuna sheria ya fidia ya mwaka huohuo, ile inayoitwa WIBA. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Usitishwe na "huna mkataba." Sheria ya Ajira inatambua hata makubaliano ya mdomo. Wewe weka tu jumbe za M-Pesa na picha za kazi.

Lakini tusidanganyane. Ukikataa peke yako, kuna mwingine langoni anangoja nafasi yako, na mwenye nyumba hatajua hata jina lako. Ndiyo maana naona heshima ya mjengo haiko kwa anayepanda kwanza. Iko kwa gengi zima linalobaki chini na kusema, "Boss, tutaanza saa tatu."

Siku ile Kinangop tulikuwa sita. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Saa mbili za kungoja zingetosha kuuokoa mkono wa mwenzetu.